Ukingo wa Ziwa Tanganyika

Katikati ya Afrika liko ziwa refu na jembamba liitwalo Tanganyika. Nchi nne zapakana nalo: mashariki ni Tanzania, magharibi ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na kusini ni Zambia. Urefu wake wapata kilometa 670, lakini upana wake kwa wastani ni kilometa 50 tu. Mtu akisimama Kigoma siku ya hewa safi, huiona milima ya Kongo ng'ambo, kama ukuta wa rangi ya buluu uliosimama juu ya maji.

Watu wengi huja kwenye ukingo wa ziwa hili ili kupiga kambi, kuogelea na kuvua samaki. Wengine hufika kwa reli ya kati, ambayo tangu mwaka 1914 imeunganisha Dar es Salaam na Kigoma. Wengine hufika kwa meli au kwa mashua. Wote huuona uzuri wa maji, lakini si wote waujuao mwenendo wake. Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Basi yampasa kila aendaye huko kujifunza kwanza jinsi ziwa lilivyo. Aliyejifunza hurudi kwao na furaha. Asiyejifunza huenda asirudi, au hurudi na ugonjwa, au huwaachia wenzake ziwa lililoharibika.

1. Ziwa lenyewe

Ziwa Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa. Zamani sana nchi ilipasuka na kuvutwa huku na huku, pakawa na shimo refu, nalo likajaa maji. Wataalamu hulihesabia umri wa miaka milioni 9 hata 12. Kina chake, mahali palipo na kina kuliko pote, ni meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu lililo na kina kupita hili, nalo ni Baikal katika nchi ya Urusi.

Mtu akisikia habari ya kina hicho hudhani samaki wamejaa tangu juu hata chini. Sivyo. Jua hupasha moto maji ya juu, na maji ya moto ni mepesi, kwa hiyo huelea juu ya maji ya baridi wala hayachanganyiki nayo upesi. Hewa ya oksijeni, ambayo samaki huivuta kwa mashavu yao, huingia majini kutoka juu. Upande wa kaskazini wa ziwa hewa hiyo haishuki kupita meta 100 hivi. Upande wa kusini hufika kama meta 200. Chini ya hapo maji ni mengi mno, lakini samaki hawezi kuishi ndani yake. Uhai wa ziwa hili ni kama mafuta juu ya mchuzi: sufuria ni kubwa, lakini mafuta yote yako juu.

Tena kuna jambo la pili. Viumbe vya majini vikifa huzama, na rutuba yao hushuka pamoja nao hata vilindini. Rutuba hiyo ingekaa huko siku zote, kama si upepo. Tangu mwezi wa Mei hata Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, hulisukuma tabaka la maji ya juu kwenda kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini hupanda juu pamoja na rutuba yake. Upepo hufanya kazi ya mkulima apinduaye udongo kwa jembe. Ndipo mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho, huongezeka majini; vidudu huila mimea; dagaa huwala vidudu; na samaki wakubwa huwala dagaa.

Ukingoni napo pana maajabu yake. Katikati ya mawe na mchanga huishi zaidi ya aina 200 za samaki walio wa jamaa moja na perege na sato, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Aliye mkubwa kuliko wote katika jamaa hiyo ni kuhe, ambaye watu wa Kigoma humpenda kwa kitoweo. Wako wadogo sana ambao hukaa na kutaga mayai ndani ya kombe tupu za konokono. Wako wengine ambao mama huyachukua mayai kinywani mwake, na watoto wakizaliwa hukaa humo hata wapate nguvu. Samaki hawa wa mawe hawawezi kuhamia vilindini. Makao yao yakiharibiwa, hawana pa kwenda.

Kwa hiyo ziwa, ingawa ni kubwa, lina sehemu mbili tu zenye uhai mwingi: tabaka la juu na ukingo. Na hizo ndizo sehemu ambazo mwanadamu huzifikia kila siku.

2. Kupiga kambi

Kando ya ziwa serikali zimetenga hifadhi kadha wa kadha. Kaskazini mwa Kigoma iko Hifadhi ya Gombe, iliyowekwa mwaka 1968. Ni ndogo, nayo hufikiwa kwa mashua. Hapo ndipo Jane Goodall, mwanamke wa Uingereza, alipoanza mwaka 1960 kuchunguza maisha ya sokwe. Kusini zaidi iko Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyowekwa mwaka 1985, ambako milima yenye misitu hushuka hata majini, na kilele cha Nkungwe hupita meta 2,400. Katika nchi ya Zambia, upande wa kusini wa ziwa, iko Hifadhi ya Nsumbu, ijulikanayo kwa uvuvi wa ndoana. Na mahali Mto Rusizi unapoingia ziwani, si mbali na mji wa Bujumbura, watu wa Burundi wana hifadhi ya mto yenye matete mengi, viboko na mamba.

Apigaye kambi ukingoni huchagua mahali pake wakati jua lingali juu, si gizani. Haweki hema karibu mno na maji, maana ukingo wa ziwa hili huhama. Huko Ujiji, mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 palikuwa karibu na maji. Leo maji yako mbali na ukumbusho wao, kwa kuwa ziwa lilishuka baadaye. Tena mwaka 2021 maji yalipanda kupita desturi, yakaingia katika nyumba na njia za Bujumbura. Mtu asidhani kwamba alama ya maji aliyoiona leo ndiyo mpaka wa milele.

Pili, hutazama chini kama pana nyayo za kiboko. Kiboko hushinda majini, na usiku hutoka kwenda kula majani, akiifuata njia yake ile ile. Hema likisimama katika njia hiyo, au mtu akisimama kati ya kiboko na maji, hatari ni kubwa sana. Mnyama huyu hutembea kama mzito, lakini akikasirika humpita mtu kwa mbio.

Tatu, huficha chakula chake. Nyani wa Gombe hushuka hata ukingoni, nao ni wezi hodari. Sokwe nao wasikaribiwe wala wasilishwe. Maradhi ya watu huwapata upesi: mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwashika sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakalemaa. Kwa sababu hiyo mgeni mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwaendea, na huko Mahale wageni hufunikwa pua na kinywa kwa kitambaa. Mtu aweza kudhani kwamba kikohozi ni jambo dogo. Kwa sokwe ni mauti.

Nne, huchimba choo mbali na maji, juu ya mteremko mahali pasipopita mkondo wa mvua, na taka zake huzichukua arudipo. Neno hili la choo si la usafi tu. Sababu yake kubwa yaonekana katika habari ya kuogelea.

3. Kuogelea

Maji ya Tanganyika ni safi sana mbali na mito na miji. Mahali penye mawe mtu huweza kuona samaki chini yake kwa kina cha meta kumi na zaidi. Usafi huo humdanganya mwogeleaji, maana kilichoonekana karibu kumbe kiko mbali. Tena pwani nyingi za mawe hushuka kwa ghafula: hatua chache tu kutoka ukingoni, na miguu haipati chini.

Hatari ya kwanza ni mamba. Hukaa zaidi penye vinywa vya mito, matete na maji ya matope. Hapana mtu wa kijiji asiyejua mahali mamba alipoonekana. Basi mgeni huwauliza wenyeji kabla ya kuvua nguo zake, na wakisema "Hapa hapana salama," hajadiliani nao. Yuko pia swila wa maji, nyoka alaye samaki kati ya mawe. Huyu hana desturi ya kuwafuata watu. Amwonaye humwachia njia, wala hamchokozi.

Hatari ya pili haina meno wala sauti, nayo imewapata watu wengi kuliko mamba. Ni kichocho. Mtu mgonjwa akienda haja majini au karibu na maji, mayai ya mnyoo huingia ziwani. Yakianguliwa, vijidudu vyake humtafuta konokono wa namna fulani, aishiye katika majani ya maji yaliyotulia, na ndani yake huongezeka kwa maelfu. Kisha hutoka, hasa wakati jua ni kali, huogelea, na wakimpata mtu humwingia kwa ngozi katika muda wa dakika chache. Mtu huyo huenda asione kitu ila mwasho. Baada ya majuma au miezi hushikwa na homa, na tumbo kuuma, na damu katika choo. Na asipotibiwa, miaka ikipita, ini lake huharibika.

Hapo mwanafunzi aona kwamba choo cha kambi na maji ya kuogelea ni habari moja. Mtu anayekwenda haja ukingoni leo ndiye anayemtia ugonjwa mtoto atakayeoga hapo baada ya miezi. Mnyororo ni huu: mtu, maji, konokono, maji, mtu. Ukikatwa mahali pamoja, ugonjwa hauendelei. Njia iliyo rahisi ya kuukata ni choo.

Basi mwogeleaji mwenye akili hukwepa maji yaliyotulia yenye majani, na maji yaliyo karibu na bandari na vijiji vyenye watu wengi. Huchagua pwani wazi ya mawe au mchanga yenye mawimbi, ingawa hata hapo hatari hupungua tu, haimaliziki. Akirudi kwao huenda hospitali kupimwa, na akionekana na ugonjwa hupewa dawa iitwayo prazikwanteli, ambayo huwaua minyoo.

Hatari ya tatu ni upepo. Asubuhi ziwa hulala kama kioo, na kabla ya jua kutua mawimbi huweza kupita urefu wa mtu. Kwa hiyo mwogeleaji hufuata ukingo, haelekei katikati. Wala haogelei peke yake. Mwenzake akizama, asiyejua kuokoa asijitupe majini, maana anayezama humshika amwokoaye, na wote wawili hufa. Humrushia kamba, au humnyoshea mti mrefu, au humtupia dumu tupu lililofungwa kifuniko, naye alishike na kuelea. Na katika mashua kila mmoja huvaa jaketi la kuelea tangu mwanzo wa safari. Wakati wa tufani hapana nafasi ya kulitafuta.

4. Kuvua

Samaki aliyeleta sifa ya Kigoma kwa nchi nzima ni mdogo kuliko kidole cha kati cha mtu mzima. Ni dagaa. Mchana hukaa chini katika giza ili asiliwe, na usiku hupanda juu kula. Wavuvi huijua tabia hiyo. Kama wale wavuvi wa Galilaya wa Habari Njema, nao hufanya kazi usiku. Hutoka jua likitua, wakafika mbali, wakawasha taa juu ya maji. Zamani walichoma kuni au matete. Baadaye wakapata karabai. Siku hizi wengi wana taa za umeme wa betri au wa jua. Vidudu hukusanyika penye nuru, dagaa huvifuata, na wavu ulioshushwa chini yao huinuliwa. Pamoja na dagaa huja migebuka, ambao huwafuata ili kuwala. Mbalamwezi ikiwaka nuru ya taa haina nguvu, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Asubuhi dagaa huanikwa mchangani, juu ya mawe, au juu ya chanja zilizoinuliwa, ambapo hukauka bila kuingia mchanga.

Mgeni avuaye kwa ndoana ili kujifurahisha hana budi kuuliza kwanza: kibali chatolewa wapi, na ni mahali gani palipokatazwa? Kila hifadhi ina amri zake. Samaki mchanga humrudisha majini kwa upole, akiisha kulowanisha mikono yake, kwa maana mkono mkavu huondoa ute uukingao mwili wa samaki.

Lakini neno zito zaidi ni la nyavu. Kuna wavu mrefu uitwao kokoro, ambao hukokotwa kutoka majini hata pwani. Hukwangua mchanga, huvunja viota, huchukua kombe pamoja na wenyeji wake, na hukusanya wakubwa kwa wadogo. Wengine hutumia vyandarua vilivyotolewa kwa ajili ya kuzuia mbu. Matundu yake ni madogo mno, hata mtoto wa samaki aliyeanguliwa juzi hapiti. Atendaye hivyo hufanya hasara mara mbili: mtoto wake hulala bila chandarua, na ziwa hukosa samaki wa mwakani. Sheria ya Tanzania yakataza kokoro, na baruti, na sumu.

Mtu aweza kusema, "Ziwa ni kubwa, wavu wangu mmoja utalimaliza?" Hapo na akumbuke habari ya mafuta juu ya mchuzi. Samaki hawakujaa katika meta 1,470. Wako katika tabaka la juu na ukingoni, mahali pale pale wavu wake unapopita. Tena mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya ziwa yamezidi kupata joto, na kwamba maji ya juu na ya chini huchanganyika kidogo kuliko zamani. Jembe la upepo halichimbi tena kama lilivyochimba, na rutuba ipandayo imepungua. Basi samaki wana adui wawili kwa wakati mmoja: chakula kimepungua, na nyavu zimeongezeka.

Kwa sababu hiyo serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Kwa mtu ambaye hula leo alichokivua jana, miezi mitatu si midogo. Mwenye mtumbwi hukosa fedha, mwanamke auzaye dagaa hukosa mtaji, na karo ya mtoto huchelewa. Haifai mtu ashibaye mbali na ziwa kuwacheka wavuvi wanaonung'unika. Lakini mkulima naye, wakati wa njaa, huitazama mbegu iliyo darini na hailei, ingawa watoto wanalia. Kwa maana akiila, mwaka ujao hatakuwa na kitu cha kupanda. Dagaa hukua upesi na kuzaa upesi. Wakiachwa kwa muda, hurudi. Samaki wa mawe walio wa aina yao peke yao wakiisha, hapana ziwa lingine la kuwaomba.

Mwenyezi Mungu aliwapa watu wa nchi nne ziwa moja. Maji yake hayajui mpaka: dagaa alelewaye Zambia huweza kuvuliwa Tanzania, na taka itupwayo Burundi huweza kufika pwani ya Kongo. Kwa hiyo mwanafunzi apigaye kambi kwa siku mbili tu, akachimba choo chake mbali na maji, akawauliza wenyeji kabla ya kuoga, na akamrudisha samaki mchanga, amewatendea mema watu ambao hatawaona kamwe.

Maswali

1. Kwa nini samaki hawaishi katika vilindi vya Ziwa Tanganyika?
2. Upepo wa kusini-mashariki wafanana na mkulima kwa jambo gani?
3. Eleza mnyororo wa kichocho. Waweza kukatwa mahali gani?
4. Kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi?
5. Mvuvi mmoja asema, "Ziwa ni kubwa, wavu wangu hauwezi kulidhuru." Mjibu kwa maneno yako mwenyewe.
6. Katika kijiji chako kuna mto, bwawa au ziwa gani? Andika amri tano zifaazo kwa watu waendao hapo kuoga au kuvua, na sababu ya kila amri.